Kutoka Nairobi Hadi London ni Mafundo Mangapi

Ikutha, alasiri, siku moja kabla hujaondoka

Mwaitu Ndunge,

Wewe na mama yako mmekwenda kuchimba maji kwenye mchanga wa mto, na kwa kiangazi hiki najua hamtarudi mpaka vivuli viwe virefu. Hii ndiyo nafasi niliyokuwa nikiingojea tangu juzi. Nimekaa kwenye kigoda mlangoni, karatasi nimeiweka juu ya mfuko wa barua za serikali, na kesho nitaubeba mfuko huu kabla jogoo hawajaamka. Mambo ya nguo, ya chakula na ya namna ya kumwamkia memsahib sitayagusa. Hayo mama yako ameyasema wiki nzima, hata mbuzi sasa wanayajua.

Nakuandikia kwa Kiswahili na utajiuliza kwa nini, mimi na wewe tuna lugha yetu. Ni kwa sababu haya ninayotaka kukueleza yalinipata kwa Kiswahili. Nilijifunza lugha hii njiani, mzigo ukiwa kichwani, na mpaka leo kuna mambo nikijaribu kuyasema kwa Kikamba sauti inanikatika. Tena mama yako hajui Kiswahili, na humu mna jambo ambalo sijamwambia tangu nimwoe.

Basi nianze. Bwana wako, yule mzungu unayemlelea mtoto, amesema kwamba safari ya ndege kutoka Nairobi mpaka London ni saa hamsini. Simwamini.

Unaikumbuka siku aliyokuja na lori lake kutoka shamba la mkonge kule Kibwezi, akasimama hapa uani bila kuvua kofia. Alisema baba yake mzazi kule London ni mgonjwa, anataka kumwona mjukuu kabla hajafa, na mtoto huyo hali wala halali mikononi mwa mtu mwingine ila wewe. Hapo sikuwa na ubishi, maana hata hapa nyumbani watoto wa majirani wakikuona wananyamaza. Lakini nikamwuliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza.

"Bwana, ni mbali namna gani?"

"Wewe hapana ogopa, mzee. Ndege mbio sana. Saa hamsini tu, iko Ulaya."

"Na kurudi?"

"Kurudi? Rudi namna ile ile. Mwaka ikigeuka sisi iko hapa."

Nilimtazama machoni. Sikuona uongo, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi. Mtu anayedanganya huwa ana jambo analolificha, ukimkazia macho linajitokeza. Huyu hakuwa na la kuficha. Alikuwa akitaja saa hamsini kama mtu anavyotaja jina la ng'ombe wake.

Alipoondoka, mama yako akaniuliza saa hamsini ni kitu gani. Nami, mjinga mzee, nikamjibu bila kufikiri. Nikamwambia ni siku mbili, mchana na usiku wake, na saa mbili juu. Akaingia ndani, akatoka na uzi wa kiondo, akaketi pale kwenye jiwe la kusagia, akafunga mafundo mawili makubwa. Kisha akafikiri kidogo, akafunga na kijifundo cha tatu, kidogo sana, cha zile saa mbili. Wewe ulicheka. Ulisema, "Mama, hata saa unazifungia?" Mimi sikucheka. Nilikwenda nyuma ya zizi nikasimama huko muda mrefu, na mlipouliza nikasema natafuta kamba ya ndama.

Sasa nitakuambia nilichokuwa natafuta.

Nilipokuwa na umri kama wako, mjumbe wa chifu alifika hapa na mzungu mmoja mwembamba. Vita vya Wajerumani vilikuwa vimekaribia reli, wakataka wapagazi. Yule mzungu akasema kwamba kutoka hapa mpaka mahali pa kutua mizigo ni siku kumi. Hakuongeza neno. Mimi nikajiona mjanja kuliko wenzangu. Nikajihesabia mwenyewe kumi za kwenda na kumi za kurudi, nikamwendea mama yangu nikamwambia, "Mwaitu, ishirini." Huyo ndiye Ndunge wa kwanza, ambaye jina lake nilikupa wewe, na ndiyo maana nakuita mwaitu, mama yangu, ingawa nilikubeba mgongoni.

Desturi yetu unaijua. Anayebaki hufunga mafundo kwa idadi aliyoahidi msafiri, na kila asubuhi hufungua moja. Uzi ukinyooka, anapika uji, anautia kwenye kibuyu, anatoka njiani kumlaki mtu wake. Mama alisokota uzi mpya siku ile ile, pajani, nikimwona. Alifunga ishirini, akanipa nihesabu, nami nikahesabu nikamrudishia. Niliona fahari, unajua. Nilikuwa na mama anayejua siku nitakayorudi.

Zile siku kumi zilikuwa za kweli. Hilo linaniudhi mpaka leo. Tulifika siku ya kumi, jua likiwa utosini, kama alivyosema. Tukatua mizigo. Nikaanza kutafuta fimbo yangu nirudi, askari akaniuliza naenda wapi. Yule mzungu hakuwa amedanganya hata kidogo. Alihesabu siku za kutembea peke yake. Hakuhesabu siku za kungoja mvua ikatike, wala za kuhara, wala za kuambiwa tua na kuambiwa beba. Hakusema kwamba mbele ya mahali pa kutua mizigo pana mahali pengine pa kutua mizigo, na kwamba mbele ya hapo pana pengine tena, mpaka mtu anasahau upande jua linakochomoza kwao. Nilirudi baada ya miaka mitatu kasoro kidogo. Kati ya sisi tisa tuliotoka upande huu, tulirudi wanne.

Nilipofika hapa nilikuta ua umeota magugu na paa limeanguka. Kaka yangu Kilonzo, yule baba yako mkubwa uliyemjua akiwa amekwisha kupofuka, ndiye aliyenieleza. Mvua ilikuwa imegoma. Majani yaliisha, watu wakaamua kuhamisha ng'ombe ng'ambo ya Athi, upande wa Makueni, ambako hakukuwa na watu na nyasi zilikuwa bado zipo. Ukoo mzima ukafunga virago. Mama akakataa.

Kilonzo alisema walimbembeleza siku tatu. Yeye aliwajibu neno moja tu, "Mutua alisema ishirini. Akipita hapa akikuta hakuna moto, atajua tumekufa sote." Wakamwambia ishirini zimekwisha kitambo. Akasema huenda alikosea kuhesabu, atafunga upya. Wakamwachia mtama na mbuzi mmoja wa maziwa, wakaahidi kurudi kumtazama. Lakini njaa ilikuwa kubwa kuliko walivyokadiria, na huko walikokwenda nao walianza kuzikana. Aliporudi Kilonzo, mvua zikiwa zimekwisha kuanza, alimkuta amelala kando ya mlango kwa ndani, uso umeelekea njia. Uzi ulikuwa kwenye mkono wake. Ulikuwa umefunguliwa na kufungwa, ukafunguliwa na kufungwa, mpaka umekuwa laini. Mara ya mwisho alikuwa amefungua manane. Mafundo kumi na mawili yalikuwa yamebaki.

Mama yako anajua kwamba mkwe wake alikufa kwa njaa. Watu wengi walikufa kwa njaa mwaka ule, hakuna aliyeuliza zaidi. Sijamwambia kwamba wengine walihama wakapona, na kwamba huyu alikaa kwa sababu ya idadi niliyompa. Naona haya. Nimekuwa mtu mzima, nina mvi, barua za wakubwa zinapita mgongoni kwangu, na bado naona haya kama mtoto aliyevunja mtungi.

Baada ya hapo sikumwamini tena mtu aliyetaja siku. Fundi wa baiskeli akisema kesho kutwa, namwuliza kesho kutwa ya nani. Mhubiri akisema Bwana atarudi upesi, watu wanasema amina, mimi nakaa kimya nikimtazama. Unadhani kwa nini nilichagua kazi ya utarishi? Kibwezi mpaka Ikutha najua mwenyewe. Maji ya Athi yakiwa chini ni siku mbili. Yakiwa yamejaa ni nne. Mara moja ilikuwa tisa, mimi na mfuko huu tukiwa tumekaa ukingoni tukila makoche, na njia haikuwa imerefuka hata hatua moja. Karani mpya akiniuliza ni siku ngapi, namwambia nitakapofika utaniona. Wananiita mzee mkaidi. Niite hivyo na wewe ukipenda.

Lakini ukaidi huo ulikugharimu wewe, na hili nalo lazima niliandike.

Unakumbuka siku mwalimu wa misheni alipokuja na yule bibi wao wa Kizungu kusema kwamba wewe unasoma kuliko wavulana, na kwamba huko mbele ya Machakos iko shule ya wasichana wanakofunzwa kuwa walimu. Nikamwuliza muda gani. Akasema miaka mitatu. Miaka mitatu, Ndunge. Kati ya idadi zote duniani aliitaja hiyo. Nikamjibu hapana kabla hajamaliza chai yake. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni umeshika ubao wako wa kuandikia. Hukulia wala hukununa. Ulisema, "Sawa, baba," ukaenda kufungulia mbuzi.

Ningependa ungenuna. Ile "sawa, baba" nimetembea nayo miaka hii yote, Kibwezi na kurudi. Mwaka uliofuata ulikwenda kulea watoto wa wazungu kwenye mkonge, kwa sababu huko ni karibu, ninapita kila wiki, naweza kukuona. Nilikosea. Ungekuwa na darasa lako leo. Nilikuwa namwogopa mzungu mwembamba wa zamani, nikamfukuza mwalimu aliyekuja na nia njema. Sikukuomba radhi wakati ule. Nakuomba sasa.

Kwa hiyo bwana wako alipotaja saa hamsini, moyo wangu wote ulisema hapana, na safari hii sikuutii. Nilisema, ngoja kwanza niende nikaulize.

Nilianza na karani wa stesheni pale Kibwezi, yule kijana wa Kilungu anayepaka nywele mafuta. Nikamwambia nataka kujua ndege ya London inachukua muda gani. Akacheka.

"Mzee, wewe unataka kupanda?"

"Binti yangu."

Akaacha kucheka. "Bwana amekwambia aje?"

"Saa hamsini."

"Hiyo masaa ni ya huko juu pekee yake. Ndege inalala, mzee. Jioni inashuka, watu wanakula, wanalala kwa hoteli, asubuhi inaenda tena. Kama kuna dhoruba inakaa. Kama iko na shida kwa injini inakaa. Kwa hizo masaa hakuna kulala."

Nilimshukuru, nikaondoka. Nilitembea mpaka mtoni bila kusalimiana na mtu. Ni mzungu mwembamba yule yule, Ndunge. Amehesabu kutembea peke yake.

Kisha nikaenda kwa bibi wa misheni hapa Ikutha, yule yule niliyemfukuza na mwalimu wake. Nilimwomba bahasha za zamani alizoletewa kutoka kwao. Nadhani aliona ni uzee, lakini alinipa. Zile za meli sikuzihitaji. Nilichagua za ndege, zenye kile kikaratasi cha buluu pembeni. Mbele zimegongwa muhuri wa London na tarehe, nyuma zimegongwa muhuri wa Nairobi na tarehe. Nilikaa kwenye ngazi ya kanisa nikazipanga saba juu ya jiwe. Watu husema wanavyotaka, lakini muhuri unagongwa na mtu asiyejua kama mimi nipo duniani, hana sababu ya kunifurahisha. Nne zilikuwa zimetumia siku nane. Mbili, siku tisa. Moja ilitumia siku kumi na nne, na bibi hakujua sababu. Alisema huenda ni mchanga wa jangwani, huenda ni mvua, huenda ilisahauliwa mahali.

Siku kumi na nne, na bwana kasema saa hamsini.

Bibi akataka kunituliza. Akanileta ndani, akanionyesha lile tufe lake la dunia, akachukua uzi wa kushonea akauvuta kutoka Nairobi mpaka London, ukakaza kabisa. Akaupima, akasema ni maili elfu nne na kitu. Nikauangalia uzi. Nikamwuliza, "Bibi, kwenye uzi huu maji yako wapi?" Nikamwambia mimi njia naipima kwa maji, na uzi wake umepita katikati ya rangi ya manjano tupu, hakuna hata kisima. Alicheka, lakini kwa heshima, kisha akaulegeza uzi. Akaupeleka kwanza Kisumu kwenye ziwa, kutoka hapo akaufuatisha mto mmoja mrefu sana mpaka Khartoum, mpaka Misri, akaurusha baharini, akaupandisha Ulaya. Akasema huko Ulaya kuna kipande ambacho watu wanashushwa kwenye ndege na kutiwa kwenye treni. Treni, Ndunge! Bwana wako aliisahau hiyo nayo. Alipoupima tena uzi, zile elfu nne zilikuwa zimepita tano, zinaelekea sita.

Nilimwambia asante. Halafu, kwa kuwa nilikuwa tayari nimesimama mbele yake, nikamwambia pia kwamba nilikosea mwaka ule kuhusu shule. Akasema anajua. Wazungu wana namna yao ya kukujibu ukabaki hujui mikono uiweke wapi.

Usidhani basi kwamba nimeridhika. Nimepata siku za kwenda, za kurudi hakuna aliyenipa. "Mwaka ikigeuka" si jibu. Bahasha zile zote saba zilikuwa za kuja huku. Mgonjwa anaweza kuchukua muda mrefu kufa, au akafa upesi na mali yake ikahitaji mtu wa kuiangalia, memsahib akapenda kwao tena, mtoto akakua, akaanza kulala mwenyewe bila wewe. Naona mahali pa kutua mizigo, na mbele yake naona pengine. Haya yote nimeyafikiria, na bado nimesema uende, kwa sababu nilikufungia njia mara moja na matokeo yake niliyaona. Naogopa. Sitaki ujue hilo kwa kukisia kutoka usoni mwangu, nakuandikia: baba yako anaogopa sana.

Nina ombi moja, na ni la leo, si la huko uendako. Jioni hii, mkishatua maji, mama yako atakushika mkono na kukuuliza, mbele ya majirani, ni siku mbili na saa mbili, sivyo? Amekwisha kuwaambia wote. Mwambie hujui. Usimwambie nane, wala tisa, wala kumi na nne, hata kama unaona ni ukweli kwa kuwa mimi nimeziona bahasha. Mwombe aufungue ule uzi wake mbele yako, mafundo yote, pamoja na kile kijifundo. Atakasirika. Atasema ni mkosi. Mimi nikimwambia atauliza kwa nini, na nitalazimika kusema mbele ya mtoto wangu anayeondoka jambo ambalo sikuweza kulisema miaka ishirini. Nitamwambia ukishaondoka. Hiyo nakuahidi, na unajua mimi si mtu wa kuahidi.

Nakuomba hivyo kwa sababu namjua. Hali yake ni ile ile ya mama yangu. Ukimpa siku, atasimama kwenye siku hiyo. Kiangazi hiki kikizidi na watu wakianza kusema habari za kuvuka Athi, nataka mkononi mwake pasiwe na kitu cha kumkalisha hapa.

Kesho lori la bwana litakuja kukuchukua jua likishapanda. Mimi nitakuwa nimetangulia tangu alfajiri, na mfuko, kwa miguu, na najua kabla ya mtoni litanipita. Usimwambie dereva asimamishe. Sitaki kukataa lifti ya bwana mbele ya watu, na barua za serikali haziruhusiwi kwenye lori la mtu. Tena nikikuona kwa karibu naweza kusema rudi, na ile "sawa, baba" yako naijua. Inua mkono tu. Nami nitainua fimbo.

Andika kila mahali mtakapolala. Maneno mawili yanatosha, jina la mahali na kwamba umekula. Barua hizo zitafika Kibwezi, zitatiwa kwenye mfuko, mfuko utafungwa na kupigwa lakiri, na mimi sina ruhusa ya kuufungua mpaka Ikutha. Kwa hiyo nitakubeba siku mbili mgongoni bila kujua kama umo. Nimefikiri juu ya hilo, nikaona si vibaya sana. Ni hivyo hivyo nilivyokubeba ulipokuwa mdogo, umelala, huna sauti, nikawa najua upo kwa uzito tu.

Sasa naona vumbi lenu kule kwenye mteremko. Nimalize, nikutie karatasi hii mkononi mkifika.

Ndani ya kiondo chako, chini kabisa, nimeweka uzi. Ni ule wa bibi yako, mama yangu. Nimekuwa nao kwenye pembe yangu ya ugoro tangu Kilonzo aliponipa, na yale mafundo kumi na mawili sikuwahi kuyagusa. Leo mlipokwenda mtoni nimeyafungua, moja moja, mengine kwa meno, maana yalikuwa yamekaza. Uzi umebaki na mikunjo pale yalipokuwa, haunyooki vizuri. Lakini hauna fundo hata moja.

Uchukue. Kila utakapolala, asubuhi yake funga fundo moja. Usifunge kabla. Funga la usiku ambao umekwisha kuulala, wa kwenda, wa kukaa na wa kurudi, hata kama uzi utakwisha ikabidi uungwe na mwingine. Ukirudi mpe mama yako, akae pale kwenye jiwe la kusagia ayafungue yeye, na wewe umwambie kila fundo lilikuwa wapi. Mimi nitakaa karibu nikisikiliza. Siku hiyo, mtu yeyote akiniuliza ni mbali kiasi gani kutoka Nairobi mpaka London, nitamjibu.

Baba yako,
Mutua